Alice Stewart

Alice Mary Stewart (jina la kuzaliwa: Naish, Sheffield, 4 Oktoba 1906 – Oxford, 23 Juni 2002) alikuwa daktari na mtaalamu wa epidemiolojia kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti alioufanya katika miaka ya 1950, ulioonyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa picha za eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani utotoni, ikiwemo saratani ya damu (leukemia).

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kiasi kidogo cha mionzi kinachotumika kupiga picha hospitalini hakina madhara yoyote. Matokeo ya Stewart yalipingwa kwa karibu miaka ishirini kabla ya kukubaliwa na wengi. Leo yanahesabiwa kati ya misingi ya kanuni zinazowalinda wajawazito na watoto dhidi ya mionzi isiyo ya lazima.

Maisha ya awali na elimu

Alice alizaliwa katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, katika familia yenye watoto wanane. Wazazi wake wote wawili, Ernest na Lucy Naish, walikuwa madaktari walioshughulikia sana afya ya watoto. Baba yake alikuja kuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Sheffield, na mama yake alifundisha anatomia na kuhudumu katika kliniki za watoto wachanga. Kwa hiyo tangu utotoni Alice alisikia nyumbani mazungumzo kuhusu magonjwa ya watoto wa maskini na namna ya kuyazuia.

Alisoma masomo ya awali ya udaktari katika Chuo cha Girton, Cambridge. Katika miaka hiyo wanawake waliruhusiwa kuhudhuria masomo na kufanya mitihani ya Cambridge, lakini hawakupewa shahada kamili sawa na wanaume. Haki hiyo waliipata mwaka 1948 tu. Baadaye alimalizia mafunzo yake katika Royal Free Hospital mjini London na kufuzu udaktari mwaka 1932.

Mwaka 1933 aliolewa na Ludovick Stewart, aliyekuwa mwalimu, wakapata watoto wawili, wa kiume na wa kike. Ndoa hiyo baadaye ilivunjika. Alice aliendelea kutumia jina la Stewart katika kazi zake zote, akalea watoto wake huku akifanya kazi ya udaktari na utafiti.

Kazi wakati wa vita

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, Stewart alikuwa daktari bingwa mjini London. Baadaye alihamia Oxford, ambako aliombwa kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha waliojaza mabomu kwa baruti ya TNT. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wanawake. Pamoja na wenzake alionyesha kwamba TNT iliathiri damu hata ya watu walioonekana kuwa wazima. Alichunguza pia ugonjwa wa kifua kikuu miongoni mwa mafundi wa viwanda vya viatu.

Kazi hizo zilimfundisha njia aliyoitumia maisha yake yote: badala ya kumwangalia mgonjwa mmoja mmoja kitandani, alilinganisha makundi ya watu waliofikiwa na kitu fulani na makundi ya watu ambao hawakufikiwa nacho, kisha akatafuta tofauti katika afya zao. Hiyo ndiyo kazi ya epidemiolojia.

Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa daraja la juu (Fellow) wa Royal College of Physicians, akiwa mwanamke mwenye umri mdogo zaidi kupewa heshima hiyo hadi wakati huo. Alijiunga na Taasisi ya Tiba ya Jamii ya Oxford iliyoongozwa na profesa John Ryle. Ryle alipofariki mwaka 1950, chuo kikuu hakikuendeleza cheo cha uprofesa wa taasisi hiyo. Stewart aliachiwa kuongoza kitengo kidogo chenye fedha chache na wafanyakazi wachache.

Matumizi ya eksirei katika miaka hiyo

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Haukupita muda mrefu kabla ya kufahamika kwamba kiasi kikubwa chake huunguza ngozi na kuleta saratani, kwa sababu madaktari na mafundi wa kwanza walioitumia bila kinga waliumia vibaya. Lakini watu wengi waliamini kwamba kuna kiwango cha chini ambacho mwili hukistahimili bila madhara.

Kwa sababu ya imani hiyo, eksirei ilitumika kwa wepesi hata kwa watoto. Baadhi ya watoto walitibiwa mapunye ya kichwani kwa mionzi. Katika maduka ya viatu kulikuwa na mashine za eksirei ambazo mtoto aliingiza mguu ndani, na mzazi na muuzaji wakatazama kama kiatu kinamtosha.

Wajawazito pia walipigwa picha za tumbo. Daktari aliweza kutaka kujua mtoto amelalaje, kama ni mapacha, au kama nyonga ya mama ina upana wa kutosha kwa uzazi wa kawaida. Kipimo cha altrasaundi kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Nchini Uingereza karibu mjamzito mmoja kati ya kumi alipigwa picha hizo.

Utafiti wa Oxford juu ya saratani za watoto

Katikati ya miaka ya 1950 takwimu za vifo zilionyesha kwamba leukemia ilikuwa ikiongezeka miongoni mwa watoto. David Hewitt, mtakwimu aliyefanya kazi na Stewart, alitambua kwamba ongezeko hilo lilionekana hasa kwa watoto wa umri wa miaka miwili hadi minne. Stewart alifikiri kwamba ugonjwa unaojitokeza mapema kiasi hicho huenda umeanzia kabla mtoto hajazaliwa. Kama ni hivyo, mtu anayeweza kukumbuka kilichotokea ni mama.

Aliamua kuwauliza akina mama. Aliandaa hojaji yenye maswali mengi kuhusu ujauzito na maisha ya mtoto: magonjwa, chakula, dawa, wanyama wa nyumbani, na pia eksirei. Maswali yaleyale yaliulizwa kwa mama ambaye mtoto wake alikufa kwa leukemia au saratani nyingine na kwa mama ambaye mtoto wake wa umri na jinsia ileile, katika eneo lilelile, alikuwa hai na mzima.

Fedha zilikuwa shida. Stewart alipata ruzuku ya paundi 1,000 tu kutoka mfuko wa Lady Tata, kiasi ambacho kisingetosha kuajiri watu wa kwenda nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo alisafiri kwa treni kuonana na maafisa wa afya wa sehemu mbalimbali za nchi na kuwaomba watumie wafanyakazi wao wenyewe kuwahoji akina mama. Wengi walikubali. Kwa njia hiyo habari zilikusanywa za takriban asilimia 80 ya watoto wa Uingereza waliokufa kwa saratani kati ya miaka 1953 na 1955.

Matokeo

Hojaji za kwanza ziliporudi, tofauti ilionekana mapema. Katika mambo mengi akina mama wa makundi yote mawili walijibu karibu sawa. Lakini wale waliofiwa na watoto walisema karibu mara mbili zaidi ya wenzao kwamba walipigwa picha ya eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito. Hali ilikuwa hivyo kwa leukemia na kwa saratani nyingine pia.

Stewart na wenzake, Josephine Webb, Dawn Giles na David Hewitt, walitangaza matokeo ya awali katika jarida la The Lancet mwaka 1956. Ripoti kamili ilitoka mwaka 1958 katika British Medical Journal.

Ni muhimu kuelewa matokeo hayo vizuri. Saratani ya utotoni ni ugonjwa wa nadra, na idadi kubwa kabisa ya watoto waliopigwa eksirei tumboni hawakuugua. Hata hivyo, kwa kuwa picha hizo zilipigwa kwa maelfu ya wajawazito kila mwaka, ongezeko dogo la hatari kwa kila mtoto lilimaanisha vifo vya watoto ambao bila hiyo wangeishi.

Upinzani

Taarifa hizo hazikupokelewa vizuri. Ilikuwa vigumu kwa madaktari kukubali kwamba kipimo walichokitumia kwa nia njema kimewadhuru watoto. Pia ilikuwa miaka ya majaribio ya silaha za nyuklia na ya ujenzi wa vinu vya kwanza vya umeme wa nyuklia, na swali la madhara ya mionzi kidogo lilikuwa na uzito wa kisiasa.

Kulikuwa vilevile na hoja za kisayansi zilizostahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ilihusu kumbukumbu: mama aliyefiwa hutafuta sababu ya msiba wake, kwa hiyo huenda akakumbuka eksirei ambayo mama mwingine ameisahau. Hoja ya pili ilihusu sababu ya kupigwa picha: huenda wajawazito waliopelekwa eksirei walikuwa tayari na tatizo, na tatizo hilo ndilo lililoleta saratani, si mionzi. Hoja ya tatu ilitoka Japani. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki walifuatiliwa, na ongezeko kama lile la Oxford halikuonekana kwao.

Mwaka 1960 Richard Doll, aliyekuwa maarufu kwa kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alitoa utafiti pamoja na William Court Brown. Walifuatilia watoto 39,166 wa London na Edinburgh waliopigwa eksirei tumboni. Walikuta vifo 9 vya leukemia, wakati hesabu ya kawaida ilikuwa 10.5, wakahitimisha kwamba hakuna ongezeko. Kwa sababu ya sifa ya Doll, wengi waliona kwamba suala limekwisha. Lakini idadi ya vifo ilikuwa ndogo mno. Ugonjwa unapokuwa wa nadra, hata watoto 39,000 wanaweza wasitoshe kutofautisha ongezeko la kweli na bahati nasibu.

Ushahidi ulioongezeka

Mwaka 1962 Brian MacMahon wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa utafiti mkubwa zaidi, uliohusu watoto 734,243 waliozaliwa katika hospitali 37 za kaskazini mashariki mwa Marekani. Yeye hakutegemea kumbukumbu za akina mama bali majalada ya hospitali yaliyoandikwa kabla ya mtoto yeyote kuugua. Aligundua kwamba vifo vya saratani vilikuwa zaidi kwa asilimia 40 hivi kwa watoto waliopigwa eksirei tumboni. Hoja ya kumbukumbu ikapungua nguvu sana.

Stewart hakuacha kukusanya habari. Pamoja na mtakwimu George Kneale aliendeleza utafiti wa Oxford hadi ukafikia zaidi ya jozi 15,000 za watoto, kila jozi ikiwa na mtoto aliyekufa kwa saratani na mwenzake aliye hai. Mwaka 1970 wawili hao walionyesha kwamba hatari iliongezeka kadiri idadi ya picha alizopigwa mama ilivyoongezeka. Uhusiano wa namna hiyo kati ya kiasi na madhara ni dalili muhimu kwamba jambo moja ndilo linalosababisha jingine.

Hoja ya pili ilijibiwa kwa kuwaangalia mapacha. Wajawazito wenye mapacha walipigwa eksirei mara nyingi zaidi kuliko wengine, si kwa sababu ya ugonjwa bali kwa sababu daktari alitaka kuhakikisha idadi ya watoto. Mwaka 1974 R. H. Mole alionyesha kwamba miongoni mwa mapacha pia waliopigwa eksirei walikuwa na hatari iliyozidi ya wale ambao hawakupigwa.

Doll mwenyewe hatimaye alibadili msimamo. Mwaka 1997, pamoja na Richard Wakeford, alipitia upya ushahidi wote na kuhitimisha kwamba mionzi ya kiasi cha miligrei 10 hivi kwa mtoto aliye tumboni huongeza hatari ya saratani ya utotoni. Ilikuwa imepita miaka 41 tangu taarifa ya kwanza ya Stewart.

Mabadiliko katika huduma

Huduma za afya zilianza kubadilika kabla ya mjadala kwisha. Picha za eksirei kwa wajawazito zilipungua hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1970 kupungua huko kulikuwa kukubwa. Jambo moja lililosaidia ni altrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangaza mwaka 1958. Kipimo hicho hutumia mawimbi ya sauti badala ya mionzi, na kinaonyesha mtoto alivyolala na kama ni mapacha. Ndiyo maana leo mwanamke wa umri wa kuzaa huulizwa kama ana mimba kabla ya kupigwa eksirei ya tumbo au nyonga.

Kanuni iliyokuja kutawala ulinzi dhidi ya mionzi ina sehemu mbili. Kwanza, kipimo kifanyike tu pale ambapo faida yake kwa mgonjwa ni kubwa kuliko madhara yanayoweza kutokea. Pili, kikifanyika, kiasi cha mionzi kiwe kidogo kadiri inavyowezekana kupata picha inayofaa. Msingi wake ni ule ambao Stewart aliutetea: kwamba hakuna ushahidi wa kiasi cha mionzi kilicho salama kabisa.

Kanuni hiyo ina uzito zaidi kwa watoto, kwa sababu tatu:
- Chembe hai za mtoto zinagawanyika kwa kasi anapokua, na chembe zinazogawanyika huathirika kwa urahisi zaidi.
- Mtoto ana miaka mingi mbele yake, na saratani inayotokana na mionzi huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza.
- Mwili wake ni mdogo, hivyo mashine iliyopangwa kwa mtu mzima hukipa kila kiungo chake mionzi zaidi ya inayohitajika.

Swali hilo lilirudi kwa sura mpya baada ya kuenea kwa kipimo cha CT, ambacho hutumia mionzi mingi kuliko picha ya kawaida ya eksirei. Mwaka 2008 vyama vya wataalamu nchini Marekani vilianzisha kampeni ya Image Gently, iliyohimiza kwamba mashine zipangwe kulingana na ukubwa wa mtoto. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya watu karibu 178,000 waliofanyiwa CT kabla ya kutimiza miaka 22. Walikuta kwamba mionzi ya jumla ya miligrei 50 hivi kwenye uboho wa mifupa ilihusiana na hatari ya leukemia karibu mara tatu. Walikadiria pia kwamba kwa kila watoto 10,000 walio chini ya miaka 10 wanaofanyiwa CT ya kichwa, mmoja zaidi angepata leukemia na mmoja zaidi uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata. Hatari hiyo ni ndogo, na kwa mtoto aliyeumia vibaya kichwani CT huokoa maisha. Ubaya upo katika kipimo kinachofanywa bila sababu au kwa mionzi iliyozidi.

Wafanyakazi wa Hanford

Stewart alistaafu Oxford mwaka 1974 na kuhamia Chuo Kikuu cha Birmingham kama mtafiti. Muda mfupi baadaye Thomas Mancuso, mtafiti wa Marekani, alimwomba yeye na Kneale wamsaidie kuchambua takwimu za wafanyakazi wa Hanford, kiwanda cha jimbo la Washington kilichotengeneza plutoni kwa ajili ya silaha za nyuklia. Taarifa yao ya mwaka 1977 ilidai kwamba wafanyakazi walipata saratani kwa viwango vya mionzi vilivyohesabiwa kuwa salama.

Serikali ya Marekani ilikuwa imekatisha mkataba wa Mancuso, na watafiti hao wakazuiwa kupata takwimu zaidi. Baada ya miaka mingi ya madai, Stewart aliruhusiwa kuzipata tena katika miaka ya 1990. Tofauti na utafiti wake wa watoto, makadirio yake ya Hanford hayakukubaliwa na wataalamu wengi, na ubishi juu yake uliendelea. Stewart naye alishikilia kwamba viwango vya usalama vilitegemea mno manusura wa Hiroshima na Nagasaki, ambao kwa maoni yake walikuwa watu wenye nguvu kuliko wastani kwa kuwa walistahimili miaka migumu baada ya mabomu.

Tuzo na miaka ya mwisho

Mwaka 1986 Stewart alipewa tuzo ya Right Livelihood mjini Stockholm, pamoja na Rosalie Bertell wa Kanada, kwa kazi yao juu ya madhara ya mionzi. Mwaka 1991 alipokea tuzo ya Ramazzini nchini Italia, na mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Birmingham kilimpa cheo cha profesa wa heshima, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Habari za maisha yake ziliandikwa na Gayle Greene katika kitabu kilichotoka mwaka 1999, The Woman Who Knew Too Much.

Alifariki Oxford tarehe 23 Juni 2002 akiwa na umri wa miaka 95.